KOMPYUTA IKIWA NZITO, OKOA KAZI YAKO KWANZA



Wengi wetu hutumia kompyuta za pamoja kujifunza, kuandika barua na kuhifadhi picha za vyeti. Mwaka jana, kompyuta moja ya kituo cha vijana ninapofanya kazi ilianza kuwa nzito. Tulidhani ni virusi, tukaendelea kuitumia wiki mbili, ingawa ilikuwa ikigonga tik-tik. Asubuhi moja haikuwaka tena. Humo mlikuwa na picha ya cheti cha kijana mmoja ambaye karatasi zake zilipotea wakati wa kukimbia vita. Hatukuipata. Tujifunze ili jambo hili lisirudie.

DISKI NGUMU NI NINI?
Ni ghala la kompyuta. Katika diski za aina ya zamani mna sahani zinazozunguka, mara nyingi 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma bila kuzigusa. Kompyuta ikiangushwa au kutikiswa ikiwa inawaka, kichwa huweza kukwaruza sahani. Sehemu ikiharibika, diski hurudia kuisoma tena na tena, na kompyuta nzima inasubiri.

DALILI ZA HATARI
- Mlio wa kugonga au kukwaruza.
- Faili moja huchukua dakika nyingi kufunguka.
- Faili zinapotea au hazisomeki.
- Kompyuta inaganda mara kwa mara.

UFANYE NINI?
1. Nakili kwanza. Weka kazi yako kwenye flashi. Anza na vyeti, barua na orodha. Nyimbo na filamu zingoje.
2. Ikiwa inagonga kwa nguvu, izime na umwite fundi. Kila dakika inayowaka huongeza uharibifu.
3. Usifomati, wala usiifungue diski. Vumbi kidogo tu huweza kuimaliza.
4. Ukisha kunakili, ndipo uchunguze. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma afya ya diski: "Good" ni nzuri, "Caution" ni tahadhari, "Bad" ni mbaya. Lakini hata iliyoandikwa "Good" huweza kufa, basi usiache kunakili.
5. Diski ikiwa nzima, tafuta sababu nyingine: nafasi imejaa, virusi, programu nyingi zinazojifungua zenyewe, au vumbi na joto.
6. Diski iliyochakaa hubadilishwa. Zile mpya za SSD hazina sahani zinazozunguka, ni za haraka na huvumilia mtikiso. Nazo pia hufa.

KUMBUKENI
Zimeni kompyuta kwa utaratibu kabla jenereta halijazimwa. Wekeni nakala mbili, mahali pawili. Na ukisha kunakili cheti chako, kifute katika kompyuta ya pamoja, kwani hiyo ni siri yako.

Diski hununuliwa tena. Cheti kilichopotea pamoja nayo hakiuzwi dukani.