Wenyeji wa Mukuru na Mpango wa Afya Yao

Watu wengi hudhani ya kuwa kuendeleza afya ya mji ni kazi ya waganga na wahandisi peke yao, na ya kuwa mwenyeji hana shughuli ila kungojea hospitali ifunguliwe. Yaliyotendeka Mukuru, upande wa mashariki wa Nairobi, yaonyesha njia nyingine, nayo yafaa kuchunguzwa, faida zake na upungufu wake.

Mukuru ni vijiji vitatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mitaa ya zamani ya Eastlands, kama Kaloleni na Bahati, ilichorwa kwanza ndipo ikajengwa. Mukuru haikuchorwa. Sehemu kubwa ya ardhi yake walipewa watu binafsi ili wajenge viwanda. Viwanda vingi havikujengwa, na badala yake vikaota vyumba vya mabati vya kupangisha. Kwa kuwa ardhi haikuwa ya umma, mabomba na mifereji haikuwafikia watu. Maji yakauzwa kwa mtungi, hata lita moja ikamgharimu maskini kuliko ilivyomgharimu mwenye bomba nyumbani kwake.

Wenyeji walipopata nafasi ya kusema kinachowaumiza, hawakuanza na dawa. Kabla hata ya mpango kuanza, wanawake wa Mukuru walikuwa wamekwisha kutia sahihi ombi kwa Serikali kuhusu vyoo. Vyoo vilikuwa vichache, vya mbali, tena vya kulipia, na usiku mwanamke aliogopa kutoka. Jambo hili lina maana kubwa katika elimu ya afya. Mtoto aliyekunywa maji machafu hutibiwa zahanati leo akapona, kisha hurudi wiki ijayo na maradhi yale yale.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na ujenzi mpya ukazuiwa kwa miaka 2. Kaya zilizohusika zilizidi 100,000. Chama cha wakazi kiitwacho Muungano wa Wanavijiji kilishirikiana na vyuo vikuu na mashirika mengine, jumla zaidi ya 40, yakagawanyika kwa kazi: afya, maji, nyumba, sheria na kadhalika.

Lakini watu wengi namna hii huulizwaje? Baraza la hadhara halitoshi. Mfanyakazi wa kiwandani yuko kazini, mpangaji hunyamaza mbele ya mwenye nyumba, na msemaji hodari hujaza saa nzima. Kwa hiyo kaya 10 zilifanywa kundi moja lenye kiongozi wake, na makundi hayo yakaunganishwa hatua kwa hatua hadi mikutano ya sehemu nzima. (Wapo wataalamu wanaoita mkutano ramani ikiwa imekwisha kuchorwa, hiyo si shauri, ni tangazo tu.)

Matokeo yalionekana katika vipimo. Barabara pana za kawaida zingebomoa nyumba nyingi mno. Wenyeji wakataka njia nyembamba zaidi, ila zile za kupitisha gari la wagonjwa na la zimamoto. Kwa maji machafu yalichaguliwa mabomba membamba yasiyofukiwa chini sana, namna iliyoanzishwa Brazil, ambayo hupita vichochoroni bila kuvunja vyumba vingi. Kuanzia 2020, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyodumu hadi 2022, ilijenga Mukuru barabara, mabomba na vituo vya afya.

Hata hivyo kushirikishwa si sawa na kumiliki. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kwenda viwandani, na ugomvi wa ardhi ukazuka upya. Mtu aliyelala nje wakati wa mvua hakufaidiwa na ramani aliyosaidia kuichora.

Tena liko swali la kodi. Bomba likipita kichochoroni halimfai mpangaji mpaka mwenye nyumba akubali kuliunganisha na kujenga choo. Naye akiisha kujenga, huenda akapandisha kodi. Shauri hilo halimalizwi na mhandisi. Hurudi kwenye kundi la kaya 10, ambamo mpangaji na mwenye nyumba hukutana uso kwa uso.