Wastani, Mediani na Thamani Kubwa: Takwimu za Gesi ya Rungwe

Milima ya Rungwe, Ngozi na Kyejo, jirani na mji wa Tukuyu, ni ya volkano. Kyejo ulilipuka mara ya mwisho mnamo mwaka 1800 hivi, lakini hewa ya ukaa bado inatoka ardhini katika baadhi ya sehemu za wilaya. Kampuni ya TOL Gases huivuna kwa matumizi ya viwandani, kama vile kutengeneza soda. Gesi hii haina rangi wala harufu. Uzito wa molekuli yake ni 44, ilhali ule wa hewa ya kawaida ni kama 29. Kwa hiyo hutuama mabondeni, na kiumbe aliyelala humo anaweza kukosa oksijeni akafa.

Mfano
Eneo la meta za mraba 900 limegawanywa katika vipande 9 vilivyo sawa. Gesi inayotoka kwa siku katika kila meta ya mraba, kwa gramu, ni (takwimu za zoezi):

12, 9, 15, 416, 11, 14, 40, 10, 13

Tafuta:
(a) wastani
(b) mediani
(c) jumla ya gesi kwa siku
(d) Wanakijiji wanataka kujenga zizi la ndama hapo. Takwimu ipi itawasaidia?

Suluhisho
(a) 540 ÷ 9 = gramu 60.

(b) Panga kwanza: 9, 10, 11, 12, 13, 14, 15, 40, 416. Mediani ni gramu 13.

(c) 60 × 900 = gramu 54,000, yaani kilo 54. Ukitumia mediani utapata kilo 11.7 tu, jibu ambalo si sahihi.

(d) Thamani kubwa kabisa, pamoja na mahali ilipo. Kipande cha 416 peke yake kinatoa asilimia 77 ya gesi yote. Wastani hauonyeshi kilipo, na mediani inakificha kabisa.

Zingatia
Soma swali kabla ya kuchagua kipimo. Jumla hudai wastani; hali ya sehemu nyingi hudai mediani; hatari hudai thamani kubwa. Wanaastronomia nao hukutana na jambo hili wanapopima mwanga wa gesi katika galaksi: maeneo machache hung'aa kuliko mengine yote.

Zoezi
Ondoa 416, kisha tafuta wastani na mediani upya. Kipi kimebadilika zaidi?
(Majibu: wastani 15.5, mediani 12.5, wastani.)