Gazeti Linalipiwa na Nani?

Simama asubuhi karibu na kibanda cha magazeti uangalie. Wengi wanasoma vichwa vya habari huku wamefunga mikono nyuma. Wachache wanaingiza mkono mfukoni. Wengine hawafiki hata hapo, kwa kuwa ukurasa wa mbele umeshapigwa picha na kuingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Katika somo hili tuulize basi: gazeti linalipiwa na nani? Kila jibu lilipobadilika, gazeti lenyewe nalo lilibadilika.

Tuanzie New York, mwaka 1833. Magazeti ya mji huo yaliuzwa senti sita, bei ambayo kibarua hakuimudu. Mwezi Septemba mchapaji kijana, Benjamin Day, alianzisha gazeti la The Sun na kuliuza senti moja, likitembezwa mitaani na watoto. Senti moja haikutosha kugharimia gazeti. Hesabu yake ilikuwa nyingine: wasomaji wakiwa wengi, wenye maduka watalipa ili matangazo yao yaonwe. Hapo gazeti likawa na wateja wawili, msomaji na mwenye tangazo.

Ubaya wake ulionekana mapema. Agosti 1835 gazeti hilohilo lilichapisha mfululizo wa makala kwamba mwanafalaki John Herschel, aliyekuwa Afrika Kusini wakati huo, ameona mwezini viumbe mfano wa watu wenye mabawa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini watu walinunua. (Wanaodhani uzushi umeletwa na simu waukumbuke mwezi huo.)

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu matangazo. Fedha hizo ndizo zilizomlipa mwandishi akae siku nzima mahakamani au kwenye baraza la mji, kazi isiyovuta wasomaji wengi. Muuza sabuni alihitaji gazeti ili amfikie mama wa nyumbani, na bila kukusudia akagharimia habari za baraza.

Kamba hiyo imekatika. Msomaji amehamia kwenye simu, na muuza sabuni amemfuata. Zamani alilipia ukurasa, na wote waliofungua gazeti waliona tangazo lilelile. Leo analipia mtu mmoja mmoja. Unapofungua tovuti, kabla haijamaliza kufunguka, nafasi ya tangazo inapigwa mnada na kompyuta kwa kuangalia ulichotafuta jana, mahali ulipo, hata aina ya simu yako. Mama yuleyule anayesoma gazeti makini asubuhi anapatikana jioni kwenye tovuti ya vichekesho, kwa bei ndogo zaidi. Mfanyabiashara alipe zaidi kwa nini? Kwa gazeti huo ni msiba. Nchini Marekani mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2005. Mwaka 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. Fedha nyingi zimeelekea Google na Facebook, ambazo hazimtumi mwandishi kukaa mahakamani.

Kwa hiyo magazeti yamerudi kwa msomaji. The New York Times lilianza mwaka 2011 kuwatoza wanaosoma makala nyingi mtandaoni, na mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, magazeti ya Marekani yalipata fedha nyingi zaidi kutoka kwa wasomaji kuliko kwa matangazo. Wengi wanasifu jambo hili. Mimi nina wasiwasi nalo. Asiye na fedha ya ziada amebaki nje ya ukuta, na huko nje mengi yanayogawiwa bure ni yaliyopikwa haraka. Kibarua amerudishwa alikokuwa kabla ya senti moja ya Day.

Ipo njia nyingine, nasi tunaifahamu. Radio Maria Tanzania, iliyoanza mwaka 1996, haichukui matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, na anayechangia na asiyechangia husikia kitu kilekile. Uzito wake ni kwamba haina budi kuomba mwaka hadi mwaka, na msikilizaji ambaye shamba halikumpa kitu hana cha kutoa.

Kwa majadiliano katika jumuiya: kama mngetaka mwandishi mmoja ahudhurie kila kikao cha baraza la madiwani na kuwaeleza kilichosemwa, mngemlipa kwa njia ipi kati ya hizi, na kila kaya ingetoa kiasi gani?