Kununua na Kuuza Shamba: Maswali Ambayo Vikundi Vinauliza



Pesa za kikundi zikishakua, hutokea siku mwanachama mmoja akasema, "Sasa tununue shamba." Wazo ni zuri. Shida ni kwamba watu wengi hulipa pesa kwanza, halafu ndio wanauliza sheria inasema nini. Somo letu la leo linafuata njia yote, hatua kwa hatua. Msomeane kwa sauti kwenye mkutano, mkisimama kila swali ili mzungumze.

Tuchukue mfano mmoja. Mzee mmoja ana shamba la ekari 5 mashambani. Anataka kuwauzia ekari 2 kwa shilingi 600,000. Anasema ana haraka kwa sababu ya karo ya watoto. Mfanye nini?

Swali la 1: Tutajuaje shamba ni lake kweli?

Mwombeni nakala ya hatimiliki, yaani taito. Kisha peleka namba ya shamba kwenye ofisi ya ardhi mkafanye uchunguzi rasmi, ule ambao watu huita sachi. Siku hizi katika sehemu nyingi unaombwa kwa njia ya mtandao, na kuna ada ndogo ya kulipa. Jibu litawaonyesha mambo matatu: jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au kizuizi kilichowekwa na mtu.

Msitosheke na kuona taito peke yake. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya shamba moja la Mombasa kwamba kuwa na hatimiliki hakutoshi, ikiwa ardhi yenyewe ilipatikana kwanza kwa njia isiyo halali. Kwa hiyo ulizeni pia: huyu alipata shamba hili kutoka kwa nani, na kwa njia gani?

Baada ya hapo, nendeni shambani kwa miguu. Chukueni ramani kwenye ofisi ya upimaji na mtembee mipaka pamoja na majirani. Mkikuta mtu anaishi au analima humo, mwulizeni kwa nini yuko hapo. Mtu aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe kwa miaka 12 anaweza kwenda kortini kudai sehemu hiyo iwe yake.

Swali la 2: Na kama taito ina jina la baba aliyefariki?

Hapo msimame. Mtoto hawezi kuuza shamba la marehemu kwa sababu tu yeye ndiye kifungua mimba au ndiye anayelilima. Ni lazima familia iende kortini kwa kesi ya urithi. Korti ikishamteua msimamizi wa mali, huyo naye hawezi kuuza shamba mpaka korti ithibitishe ugawaji wa mali hiyo. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Subirini familia imalize, hata kama bei ni tamu.

Swali la 3: Mke wa muuzaji ana neno gani?

Ana neno kubwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila mke na mume wote kukubali. Ikiwa mzee wetu anauza mama akiwa hana habari, mama anaweza kwenda kortini kupinga mauzo hayo. Basi mama aitwe tangu siku ya kwanza, asikie bei kwa masikio yake, na aweke sahihi ya kukubali. Watoto wakubwa nao waelezwe. Familia iliyoshirikishwa haiwasumbui baadaye.

Swali la 4: Tuliandikiana kwa chifu. Si hiyo inatosha?

Haitoshi. Karatasi ya chifu ni ushahidi kwamba mlipatana, lakini haihamishi shamba kutoka jina moja hadi lingine. Mapatano ya kuuza ardhi ni lazima yaandikwe, muuzaji na mnunuzi watie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyeiona ikiwekwa.

Mkataba mzuri unataja majina na namba za vitambulisho, namba ya shamba, ukubwa, bei yote, malipo ya kwanza, siku ya kumaliza, na kitakachofanyika mmoja akivunja ahadi. Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10. Kwa mfano wetu ni shilingi 60,000. Lipeni kupitia benki ili alama ya malipo ibaki, na ni vizuri wakili azishike. Wakati huo huo, muuzaji naye asimkabidhi mnunuzi taito yake ya asili mkononi kabla ya kulipwa. Iwekwe kwa wakili. Hakikisheni wakili huyo ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu.

Swali la 5: Bodi ya ardhi ni ya nini?

Hapa ndipo wengi huanguka. Shamba la kilimo likiwa katika eneo linalosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, kuliuza, kulikodisha au kuligawanya kunahitaji kibali cha bodi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya mapatano. Muda huo ukipita bila maombi, au bodi ikikataa, mapatano hayana nguvu kisheria, ingawa korti inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri.

Mkiwa mmelipa, sheria inawaruhusu kudai pesa zenu kama deni. Lakini kudai ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Karo imeshalipwa, pesa zimekwisha, na mzee hana kitu. Tena, sheria hiyo hiyo inasema ni kosa kuendelea kulipa, kupokea pesa au kukaa shambani kwa mapatano yaliyokwisha nguvu.

Katika mfano wetu, bodi itaombwa kibali mara mbili: kugawanya ekari 5, na kuuza zile 2. Mpimaji aliyesajiliwa ndiye atakayekata sehemu hiyo ipate namba yake.

Swali la 6: Tukipata kibali, tumemaliza?

Bado kidogo. Wakili hutayarisha fomu ya kuhamisha, na pande zote hutia sahihi. Serikali hukadiria thamani ya shamba, halafu mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mijini. Shamba letu likikadiriwa kwa shilingi 600,000, ushuru ni shilingi 12,000. Wekeni pesa hizo kando mapema, pamoja na za wakili na mpimaji. Karatasi zote hupelekwa kwenye ofisi ya ardhi kusajiliwa. Shamba linakuwa lenu siku jina jipya linapoandikwa kwenye rejista. Baada ya hapo, fanyeni sachi tena mthibitishe.

Swali la 7: Taito iandikwe jina la nani?

Msiandike jina la mwenyekiti peke yake kwa kuwa ni rahisi. Akifa, watoto wake watakuta shamba lina jina la baba yao. Chagueni wadhamini kadhaa, na mwandike mbele ya wakili kwamba wanalishika kwa niaba ya kikundi. Uamuzi huo uingie kwenye daftari la mikutano, na kila mwanachama aliyetoa pesa aandikwe jina na kiasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kujadiliana kikundini

1. Je, kuna mwanachama aliyenunua ardhi lakini taito bado ina jina la muuzaji? Amebakisha hatua gani?
2. Muuzaji akisema, "Lipeni leo ama nimpe mwingine," tutamjibu nini?
3. Tukiwa sisi ndio wauzaji, nani nyumbani ni lazima aulizwe kwanza?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni watu wawili wa kwenda kuuliza bodi ya ardhi ya kwenu hukutana siku gani. Walete jibu mkutano ujao. Na mpaka sachi ifanyike, pesa zibaki benki.