Kuchagua Masafa na Antena za Kupokelea Picha kwa Redio ya Ridhaa

Wanafunzi wengi wanafahamu kwamba sauti ya mtu yaweza kuchukuliwa na mawimbi ya redio ikavuka bahari. Ni wachache wanaofahamu kwamba picha nayo yaweza kusafiri ndani ya sauti hiyohiyo, katika redio zilezile zitumiwazo na watu wa redio ya ridhaa, pasipo kituo cha televisheni wala mtambo mkubwa. Picha za namna hiyo hujulikana kimataifa kwa kifupisho SSTV. Katika makala haya tutaziita picha za polepole.

Lengo letu ni kueleza jinsi shule inavyoweza kuchagua masafa na antena za kupokelea picha hizo. Tutaonyesha pia kwamba antena ya bei ghali, iliyosifiwa kwa nguvu zake, yaweza kuleta picha mbovu kuliko kijiti cha shaba cha sentimeta 49. Sababu yake ni ya kifizikia, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuipigia hesabu mwenyewe. Shule yenye fedha kidogo haina budi kuipiga hesabu hiyo kabla ya kununua chochote.

Picha ndani ya sauti

Mnamo mwaka 1958 Copthorne Macdonald, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alitangaza njia ya kutuma picha kwa redio ya ridhaa. Televisheni ya siku zile ilihitaji upana wa masafa wa megahezi 6 hivi, hali sauti ya kawaida ya redio ya ridhaa huhitaji kilohezi 3 tu. Ili picha ipite katika mlango uliokuwa mwembamba mara 2,000, ilibidi iende taratibu. Picha zake zilikuwa na mistari 120, na kila moja ilichukua sekunde 8.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kila doa la picha hugeuzwa kuwa mlio. Doa jeusi kabisa hupewa mlio wa hezi 1,500, na doa jeupe kabisa mlio wa hezi 2,300. Kijivu cha kila namna hupata nafasi yake katikati. Mlio wa hezi 1,200 hutumika kama alama ya kupanga mistari. Katika njia za rangi zinazotumika leo, habari za rangi hutumwa kwa zamu ndani ya ngazi hiyohiyo ya milio. Kompyuta, au simu ya mkononi yenye programu ifaayo, husikiliza milio hiyo na kuichora picha mstari kwa mstari.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti kubwa baina ya kupokea maneno na kupokea picha. Sikio husamehe: neno likikatika katikati, msikilizaji hulikamilisha kwa akili yake. Picha haisamehe. Tuchukue njia iitwayo Martin 1, ambayo picha yake yenye mistari 256 huchukua sekunde 114. Kila mstari una muda wa sekunde 0.45 hivi. Mlio ukizama kwa sekunde 5 tu, mistari 11 imekwisha potea, na kovu lake litabaki katika picha daima.

Kwa hiyo jambo la kutafuta ni mlio usiokatika kwa muda wote wa picha, ambao mara nyingi ni dakika mbili hivi. Mlio mkubwa kupita yote, lakini wa muda mfupi, hautufai. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani maamuzi yote yafuatayo yanatokana nalo.

Masafa kwanza, antena baadaye

Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja. Mwendo wa mawimbi ya redio ni kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo urefu wa wimbi kwa meta hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa yaliyoandikwa kwa megahezi. Urefu wa antena hufuata urefu wa wimbi. Mtu anayenunua antena kabla ya kuchagua masafa ni sawa na anayenunua viatu kabla ya kupima mguu.

Katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, Afrika na Ulaya zimo katika Kanda ya 1. Katika kanda hii picha za polepole husikika zaidi karibu na megahezi 3.735, 7.165, 14.230, 21.340 na 28.680. Mawimbi haya huenda mbali kwa kurudishwa chini na ionosfea, tabaka la juu la angahewa ambalo mwanga wa jua umezichaji chembe zake kwa umeme.

Je, tuanze na yapi? Masafa ya chini, yaani 3.735 na 7.165, husumbuliwa sana na radi za nchi za joto. Kila mpasuko wa radi, hata ya mbali, huacha michirizi katika picha. Masafa ya juu, yaani 21.340 na hasa 28.680, hutegemea mno hali ya jua, ambayo hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Kilele cha karibuni kilifikiwa mwaka 2024, na miaka inayofuata kilele ni ya kushuka. Megahezi 14.230 zimo katikati: kelele za radi hupungua, na njia ya kwenda Ulaya haifungwi kwa urahisi hata jua likiwa tulivu. Shule ya Afrika Mashariki ianze hapo, ikisikiliza hasa kuanzia alasiri hadi jioni.

Masafa ya pili yafaayo ni megahezi 145.800. Haya hutumiwa, katika vipindi maalumu vinavyotangazwa mapema, kuteremshia picha kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Picha kutoka angani si jambo jipya: mwaka 1985 mwanaanga Tony England alituma picha za polepole akiwa katika chombo Challenger. Mawimbi ya masafa haya hayarudishwi na ionosfea. Hupokewa tu wakati kituo kikiwa juu ya upeo wa macho, yaani dakika kumi hivi kwa kila pito.

Antena ya megahezi 14.230

Urefu wa wimbi hapa ni 300 ÷ 14.230, yaani meta 21.1. Antena rahisi na nzuri ni ya nusu wimbi, iliyokatwa katikati na kuunganishwa na kebo. Kwa kuwa umeme huenda taratibu kidogo katika waya, na ncha za waya nazo zina athari yake, hutumia 143 badala ya 150: 143 ÷ 14.230 ni meta 10.05. Basi kila upande uwe na meta 5 na sentimeta 2 hivi. Waya wowote wa shaba wenye nguvu ya kutosha unafaa, na kwa kupokelea, kebo ya omu 75 kama ile ya televisheni inaafikiana nayo vyema.

Waya huo ufungwe kwa kamba kati ya nguzo mbili, ukiwa juu kiasi cha meta 10, yaani karibu nusu ya wimbi. Katika kimo hicho antena husikia vyema mawimbi yajayo kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka ardhini, na hayo ndiyo yatokayo mbali. Ukiufunga chini sana, antena itaelekea juu, na mawimbi ya mbali yatakuwa hafifu.

Antena ya namna hii husikia zaidi ubavuni kuliko nchani. Kwa hiyo waya utandazwe kutoka mashariki hadi magharibi, ili mbavu zake zielekee Ulaya upande wa kaskazini, na Afrika ya Kusini upande wa kusini.

Antena ya megahezi 145.800

Urefu wa wimbi sasa ni meta 2.06, na robo yake, baada ya kupunguzwa kidogo, ni sentimeta 49. Simamisha kijiti cha shaba cha urefu huo, na chini yake funga vijiti vinne vya sentimeta 51, vikiinama nyuzi 45 kuelekea ardhini. Kijiti cha wima huunganishwa na waya wa ndani wa kebo, na vile vinne na wavu wa nje. Vikiinama hivyo, antena huafikiana na kebo ya omu 50. Kebo iwe fupi: meta 15 za kebo nyembamba aina ya RG-58 hupoteza karibu nusu ya nguvu katika masafa haya.

Sasa tulinganishe kijiti hiki na antena ya Yagi, ambayo hukusanya nguvu kutoka upande mmoja. Tuseme Yagi hiyo husikia vyema ndani ya pembe ya nyuzi 60, nayo imefungwa imara juu ya paa ikielekea utosini. Kituo huenda kilometa 7.7 kwa sekunde, katika kimo cha kilometa 420 hivi. Kikipita utosini, huhama angani takriban nyuzi 1 kila sekunde. Basi hukivuka kikomo cha antena kwa dakika moja tu. Lakini picha ya njia ya PD120, ambayo imetumiwa mara nyingi na kituo hicho, huchukua sekunde 126. Picha nzima haiwezi kupatikana kamwe, hata antena iwe na nguvu kiasi gani.

Kijiti cha robo wimbi hakikusanyi nguvu nyingi, ila husikia pande zote, na husikia vyema kuelekea upeo wa macho kuliko utosini. Kituo kikiwa karibu na upeo wa macho, kiko umbali wa kilometa 2,300 hivi. Kikiwa utosini, kilometa 420. Nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kituo kikiwa utosini nguvu yake ni kama mara 30. Udhaifu wa antena hutokea palepale kituo kilipo karibu, na mambo hayo mawili hufidiana. Kelele itasikika kituo kikiwa chini sana, lakini katikati ya pito picha moja au mbili zaweza kukamilika.

Yagi haikosi manufaa. Ikishikwa mkononi na mtu anayekifuata kituo tangu kuchomoza hadi kutua, huku akiizungusha polepole kutafuta mlio ulio bora, itashinda kijiti. Inachodai ni mtu asiyechoka.

Kuiweka redio sawasawa

Redio ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Kwa megahezi 14.230 chombo lazima kiwe na namna ya ukanda mmoja wa juu, inayoandikwa USB kwenye paneli ya redio. Katika namna hii, kosa la hezi 100 katika kuweka masafa huisogeza milio yote kwa hezi 100. Ngazi kutoka weusi hadi weupe ni hezi 800. Kwa hiyo picha yote hubadilika kwa sehemu moja ya nane ya ngazi hiyo.

Kwa megahezi 145.800 hutumika FM. Mwendo wa kituo husababisha athari ya Doppler, na masafa huhama hadi kilohezi 3.5 hivi juu au chini. Hata hivyo rangi hazibadiliki, kwa kuwa katika FM mlio umo katika kuyumba kwa masafa, wala haumo katika kimo chake. Ila FM iliyobanwa mno itaikata picha. Chagua upana mkubwa zaidi.

Usalama na sheria

Antena isipite juu wala chini ya waya wa umeme. Umbali kutoka nguzo ya antena hadi waya wa umeme uzidi urefu wa nguzo kwa mara moja na nusu, ili hata ikianguka isiufikie. Aliyeshika nguzo ya chuma iliyogusa waya huo huweza kufa papo hapo. Kebo ichomolewe na kutolewa nje ya darasa kabla ya mvua ya radi. Ngurumo zikishasikika, isiguswe. Kutuma mawimbi kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa. Anayetaka kupokea tu naye aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake kuhusu masharti ya vyombo vya kupokelea.

Maswali

1. Tafuta urefu wa antena ya nusu wimbi kwa megahezi 21.340.
2. Katika njia ya Martin 1, mlio umezama kwa sekunde 8. Mistari mingapi imepotea?
3. Yagi yenye pembe ya nyuzi 40 imefungwa ikielekea utosini. Je, picha ya sekunde 36 yaweza kukamilika kituo kipitapo hapo?

Majibu: (1) Meta 6.70. (2) Mistari 18 hivi. (3) Yaweza, iwapo tu itaanza ndani ya sekunde 4 za kwanza.