Walinzi wa Utumbo: Kwa Nini Chanjo ya Kipindupindu Hunywewa

Mama anayempeleka mtoto kuchanjwa pale Gudele au Munuki amezoea sindano. Akimwona mhudumu anafungua kichupa kidogo na kummiminia mtoto kinywani, huuliza: hii nayo ni chanjo? Ndiyo, ni chanjo, na sababu ya kunywewa tungependa ijulikane katika kila nyumba ya Juba.

Kijidudu cha kipindupindu hakina haja ya kuingia kwenye damu. Humezwa pamoja na maji au chakula. Vingi huuawa na asidi ya tumbo, vinavyosalimika hufika kwenye utumbo mwembamba, hujibandika ukutani na kutoa sumu. Sumu hiyo haitoboi ukuta. Huulazimisha kumwaga maji na chumvi ya mwili ndani ya utumbo, na mgonjwa huharisha majimaji meupe kama yaliyooshea mchele. Adui yuko ukutani, basi mlinzi naye hana budi kukaa hapo hapo.

Na yupo. Ukuta wenyewe ni mwembamba mno: safu moja tu ya seli, inayojijenga upya kila baada ya siku chache. Nyuma ya safu hiyo zimejaa seli za kinga. Kazi yao ni ngumu, maana kila siku hupita asida, kisra, maharage na maji, vyote vigeni, nao wanatakiwa kukiacha chakula kipite na kumkamata adui. Hapa na pale ukutani pana vifundo vidogo. Seli maalumu za vifundo hivyo huchota kidogo kile kinachopita na kuwaonyesha walinzi walio nyuma yake. Mlinzi anayemtambua adui huzaliana kwa wingi, na wazao wake hutengeneza kingamwili zinazovuka ukuta hadi kwenye ute wa utumbo. Huko huvikamata vijidudu na kuvishikamanisha madonge, kama unga usiokorogwa vizuri, visipate pa kujibandika, vikatoka na choo.

Chanjo ina vijidudu vilivyokwisha kuuawa. Haviwezi kumuumiza mtoto, ila sura yao walinzi huikariri. Kwa kuwa chanjo inapita njia ile ile anayopita adui, mafunzo hutolewa mlangoni penyewe.

Juba inalijua jambo hili kwa vitendo. Mlipuko wa mwaka 2015 ulikuja wakati chanjo ilikuwa haba duniani, ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Utafiti uliofanywa hapa hapa mjini na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa dozi hiyo moja, katika muda mfupi baada ya kunywewa, ilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 87 hivi. Lakini kinga ya dozi moja haidumu kama ya mbili. Mkiitwa kwa ya pili, nendeni. Tena kinga huhitaji kama wiki moja kujijenga, kwa hiyo msisubiri jirani augue.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi chanjo hii. Yeye ana mama. Baadhi ya walinzi waliofunzwa kwenye utumbo wa mama husafiri kwa damu hadi kwenye matiti, na kingamwili zao hutoka na maziwa. Bibi zetu, tunajua jua la Machi linavyowaka hapa, na mjukuu huonekana ana kiu. Maziwa yana maji ya kumtosha. Miezi sita ya mwanzo anyonye tu, asipewe hata tone la maji.

Walinzi hawa huzidiwa. Hudhoofika kwa mtoto mwenye utapiamlo, na vijidudu vikija kwa wingi hata mtu mzima mwenye chanjo huanguka. Maji ya boza yaliyotoka mtoni, kama hayakutiwa dawa, yatieni nyumbani au yachemsheni. Wekeni kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, mmimine. Kikombe cha kuchotea huingia na mkono.

Mtu akianza kuharisha, mpeni maji ya ORS saa ile ile: pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Pakiti ikikosekana, tieni katika lita hiyo vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sumu ya kipindupindu haiharibu njia ambayo sukari na chumvi huingilia mwilini pamoja, na zikiingia huvuta maji. Kisha mpelekeni kituoni upesi. Akitapika, subirini dakika kumi, mwanze tena polepole. Msiache kumnywesha njiani, hata mkiwa juu ya boda, kijiko kwa kijiko.