Kufunga choo: ni wakati gani wa kwenda zahanati?



Wengi wetu tunaona haya kusema habari za choo, hata mbele ya mganga. Kwa sababu hiyo wengine hufika zahanati wakiwa wamechelewa. Somo hili litakusaidia kutambua shida unayoweza kuitibu nyumbani, na ile isiyongoja kesho.

KUFUNGA CHOO NI NINI?

Si lazima kila mtu aende choo kila siku. Mmoja huenda mara 3 kwa siku, mwingine mara 3 kwa juma, na wote ni wazima. Umefunga choo ikiwa unakwenda chini ya mara 3 kwa juma, au choo ni kikavu na kigumu, na unajikamua kwa nguvu.

KWA NINI HUTOKEA KAMBINI?

Tunakula ugali siku nyingi bila mboga wala matunda. Tunakunywa maji kidogo kwa sababu foleni ya bomba ni ndefu. Tena wengi, hasa akina mama na wasichana, hujizuia usiku kwa kuogopa kwenda chooni gizani. Choo kinachozuiwa hukauka na kuwa kigumu tumboni. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito pia hukaza choo. Mama, usiviache, mwambie mkunga.

UFANYE NINI NYUMBANI?

1. Kunywa maji safi zaidi, kidogo kidogo mchana kutwa.
2. Kula maharage, sombe, lengalenga, matembele, na papai likipatikana.
3. Nenda choo mara unapohisi haja. Usiku nendeni wawili, na tochi.
4. Tembea kila siku.

DALILI ZA HATARI

Nenda zahanati mara moja, hata ikiwa ni usiku, ukiona:

- Tumbo linauma sana na limevimba, unatapika, choo hakitoki wala hewa. Huenda utumbo umeziba. Usile, na usinywe dawa ya kuharisha.
- Mtoto amevimba tumbo na anatapika, hasa matapishi ya kijani au yenye minyoo. Minyoo mingi huweza kuziba utumbo wa mtoto.
- Mtoto mchanga hakupata choo katika saa 24 tangu kuzaliwa.
- Homa kali pamoja na maumivu ya tumbo.
- Damu nyingi, au choo cheusi kama lami.
- Miguu imelegea ghafla, au mkojo hautoki.

Ukishindwa kutembea, mwombe kiongozi wa kijiji au walinzi wakutafutie gari la wagonjwa.

Nenda juma hili, ingawa si usiku huu, ikiwa:

- Umefanya yote ya nyumbani kwa majuma 2 bila nafuu.
- Unaona damu kidogo kwenye choo.
- Unakonda bila sababu.
- Umepita miaka 50 na choo chako kimebadilika.

Mtoto aliyepita majuma 6, anayenyonya maziwa ya mama tu, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama choo chake ni laini, ananyonya vizuri na anakua, si ugonjwa.

USIFANYE HIVI

Usimwingizie mtoto dawa za miti kwa njia ya haja kubwa. Bibi zetu walifanya hivyo kwa nia njema, lakini dawa hiyo inaweza kumtia mtoto sumu, au mpira ukatoboa utumbo.

UKIFIKA ZAHANATI

Mweleze mganga mambo 4: tangu lini, choo kikoje, wapi panauma, na dawa gani umekwisha kunywa. Ukiona haya, mama anaweza kuomba mhudumu mwanamke, na baba mhudumu mwanamume. Mganga husikia habari hizi kila siku, hatakucheka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni dalili gani zinazokutaka uende zahanati hata usiku?
2. Katika mtaa wenu, nani atasindikizana na nani kwenda chooni usiku?